Magitaa Matatu, Ukuta Mmoja

Wimbo wa kwanza niliowahi kuutambua bila kuambiwa jina lake ulinifikia kupitia ukutani. Tulikaa Jericho, Nairobi, katika zile nyumba za baraza la jiji ambazo ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na jirani yetu alikuwa na gramafoni na santuri chache alizozipenda kupita kiasi. Jumamosi usiku alizicheza moja baada ya nyingine. Kilichovuka hakikuwa wimbo mzima. Maneno yalibaki kwake, sauti za juu zilibaki kwake, na sisi watoto tuliolala vichwa vikiwa ukutani tuliletewa kitu kimoja tu: sauti nene, ya chini, iliyopiga hatua mbili tatu, ikasimama, ikapiga tena. Sikujua kwamba sauti ile inaitwa besi. Niliijua kwa mwendo wake tu, kama unavyomjua mtu gizani kwa jinsi anavyotembea. Siku redio ya mama ilipocheza “Sina Makosa” ya bendi ya Les Wanyika, nilihangaika. Maneno yalikuwapo, magitaa yalikuwapo, ila yule mtu wa ukutani hakuwapo.

Alikuwapo. Redio ndiyo iliyoshindwa kumbeba. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Spika ya redio ile ilikuwa na upana wa kisahani cha chai, na kisahani cha karatasi hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti ya chini hivyo. Ukuta ulifanya kinyume chake: ulizuia sauti za juu na kuziachia njia zile za chini. Kwa hiyo wimbo mmoja nilipewa kwa vipande viwili, kimoja usiku na kingine mchana, na kazi ya kuviunganisha ikawa yangu.

Nasema hivi kwa sababu shuleni tulifundishwa ala za muziki kwa njia ambayo hadi leo inanisikitisha. Tulibandikiwa chati. Ala za nyuzi upande huu, za kupuliza upande ule, za kugonga chini. Swali la mtihani lilitaka utaje ala tatu za nyuzi, nasi tukaandika nyatiti, orutu, gitaa, tukapata alama zote. Hakuna siku hata moja tuliyogeuzwa migongo, mwalimu akapiga kitu, akauliza: hiki ni nini? Tulihitimu tukiwa na macho yaliyojua ala na masikio yaliyobaki nje ya darasa.

Sikio lina njia yake. Mwaka 1948, mjini Paris, mtafiti wa sauti Pierre Schaeffer alichukua sauti ya kengele iliyorekodiwa, akakata ule mwanzo kabisa ambapo chuma hugongwa, akabakisha mvumo unaofuata. Kengele ikapotea, kilichosikika kilifanana na chombo cha kupuliza, kitu cha ukoo wa zumari. Sehemu kubwa ya utambulisho wa ala imo katika punje ya kwanza ya sauti: kucha kwenye uzi, mdomo kwenye bomba, kiganja kwenye ngozi. Ukiikosa punje hiyo, unabaki kubahatisha.

Lakini hapo ndipo “Sina Makosa” inapokuwa somo gumu kuliko kengele ya Schaeffer. Nguzo za wimbo huu ni magitaa matatu: solo, ridhimu na besi. Yote matatu ni ya umeme, na nyuzi za yote matatu hudonolewa kwa vidole au kwa kipande cha plastiki. Punje ya kwanza ya solo na punje ya kwanza ya ridhimu ni ndugu wa tumbo moja. Utawatenganishaje?

Nilimuuliza mjomba. Aliwahi kupiga besi katika bendi za mahotelini, mwisho wa wiki tu, na siku nyingine alikuwa fundi wa magari kule Shauri Moyo. Hakunieleza kitu. Aliweka kanda, akaniambia, “Wewe kijana, shika mmoja. Usimwachie mpaka wimbo uishe.” Nikamwambia, “Nimshike nani, mjomba?” Akasema nianze na yule nisiyempenda.

Yule nisiyempenda alikuwa ridhimu. Jina lenyewe linapotosha. Mtu akisikia ridhimu hudhani ni mkono unaokwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja, kama afanyavyo kijana wa kwaya anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza. Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, hakwaruzi. Anadonoa noti moja moja, katika mzunguko mfupi unaojirudia, na mzunguko huo hauna mahali pa kumalizikia: noti ya mwisho ndiyo inayoisukuma ya kwanza. Nilipomshika, jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hapumui. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na mama aliyeshona nguo kwa cherehani ya miguu, na ridhimu ile ilikuwa na mwendo huohuo. Hukumbuki imeanza lini, lakini ikinyamaza kidogo tu kila mtu anainua kichwa.

Baada ya hapo solo likawa rahisi. Solo la John Ngereza lina mwanzo na mwisho. Waimbaji wakimaliza mstari, linaingia, linasema neno fupi la juu, jembamba, safi, kisha linawapisha. Ukilisikiliza bila maneno utaona limeundwa kwa sentensi. Lina mahali pa koma na mahali pa nukta. Kwa hiyo alama ya kulitambua solo si ukali wa sauti yake, maana ridhimu nayo ina sauti kali. Alama yake ni kwamba linajua kumaliza.

Na besi? Huyu ndiye niliyekuwa nikimjua kabla ya wote, na ndiye niliyechelewa kumwelewa. Tom Malanga hajazi kila pigo. Anaweka noti zake, halafu pale unapotarajia nyingine anaacha pengo, na pengo hilo ndilo linaloukamata mwili. Waangalie watu wakicheza wimbo huu kwenye arusi: kiuno hakisogei sana pale besi inapopiga, husogea pale inapoacha. Usiku ule wa Jericho, nilichokitambua kupitia ukutani hakikuwa noti. Zilikuwa noti na mashimo yaliyokatwa kati yake, na umbo la yale mashimo.

Hivyo ndivyo wimbo unavyomfundisha msikilizaji: mmoja hanyamazi, mwingine hunyamaza akishamaliza usemi, wa tatu hunyamaza katikati ya usemi wake mwenyewe. Sauti zao zinafanana. Kimya chao hakifanani.

Bendi yenyewe ilizaliwa kwa kutengana. Mnamo Novemba 1978 Omari Shabani, Tom Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma waliondoka Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga waliotoka Tanga na kufikia Nairobi kwa njia ya Mombasa. Angalia ni akina nani walioondoka: ridhimu, besi na ngoma. Sakafu nzima ilihama. Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa tayari akipiga muziki Kenya, akaja na solo lake. Sisemi kwamba historia hiyo inaeleza kila kitu, lakini nikisikiliza “Sina Makosa” nikiijua, naona wimbo uliojengwa kutoka chini kwenda juu. Hauna haraka ya kukuonyesha mapambo.

Sasa liangalie jambo linaloimbwa. Mtu anajitetea mbele ya mwenzake aliyemkasirikia kwa ajili ya mwanamke. Kuna hasira, kuna tishio, kuna lawama. Mtungaji mwingine angeileta hasira hiyo ndani ya ala: angeikaza ngoma, angeingiza tarumbeta zipige kelele. Hapa magitaa hayapandishi sauti. Ridhimu inarudia jambo lilelile, kwa utulivu uleule, kama shahidi ambaye ukimhoji mara kumi habadilishi kauli yake. Mimi naamini hapo ndipo utetezi wenyewe ulipo. Maneno ya mwimbaji yanaweza kutiliwa shaka, kwa kuwa kila mshtakiwa husema hana makosa. Lakini gitaa lile la ridhimu linatoa ushahidi usiotetereka kwa muda wote wa wimbo, na ukifika mwisho umeshamwamini mtu kabla hujapima hoja zake. Kama hiyo ni haki au ni ujanja wa muziki, kila msikilizaji ataamua. Ninachojua ni kwamba ukiliondoa gitaa hilo, maneno yaleyale yangekuwa malalamiko tu.

Halafu sauti za watu zinajitoa, magitaa yanabaki yenyewe. Katika santuri ndogo za siku zile, ambazo upande mmoja ulibeba dakika nne tano hivi, nyimbo nyingi za rumba zilikatwa vipande viwili: ugeuze santuri ndipo upate sehemu ya ala. Mwendo hapa hauruki ghafla kama katika rumba nyingi za Kongo. Unabaki uleule, na hiyo ndiyo inayolitesa sikio. Solo linashuka kumsogelea ridhimu, nalo linaanza kuzunguka. Vitu viwili vinavyozunguka, vya ukoo mmoja, karibukaribu. Nilimpoteza Profesa mara nyingi mahali hapo. Nilidhani bado nimemshika, kumbe nimeshahamia kwa Ngereza. Dawa niliyoipata ni kungoja badiliko: baada ya mizunguko kadhaa mmoja atabadilisha kitu, noti moja itapanda, kifungu kitarefuka. Huyo aliyebadilika ni solo. Yule aliyebaki palepale ndiye unayemtafuta.

Ukitoka Jericho ukashuka mpaka Kaloleni au Makongeni, somo hilo linavunjika mikononi. Huko benga ilitawala, Shirati Jazz ya D. O. Misiani na waliowafuata, na benga haigawi kazi kwa namna hiyo. Solo la benga limerithi nyatiti, na mpiga nyatiti ni bendi nzima ndani ya mtu mmoja: nyuzi nane vidoleni, pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu ikigonga ubao wa ala, njuga mguuni. Gitaa lililojifunza kutoka kwa mzee wa namna hiyo halingoji mwimbaji amalize. Linamfuata, linampita, linamkatiza. Besi nayo inasukuma bila kuacha mapengo mapana. Sikio langu lililolelewa na Les Wanyika lilisikia msongamano tu, na niliwahi kusema kwa sauti kwamba benga ni kelele. Nilikosea, na mjomba aliniambia hivyo. Nilikuwa natafuta kimya katika muziki usiojengwa kwa kimya. Huko ilinibidi nijifunze kuitambua ala kwa jinsi inavyogombea nafasi.

Somo la umbali nililipata Jogoo Road, siku AFC Leopards walipocheza City Stadium. Isukuti ya mashabiki wao huja kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na ukitembea kutoka upande wetu unazipokea kwa zamu. Kwanza ile kubwa, ambayo bado si mdundo, ni kitu kinachogusa kifua. Mbele kidogo ile ya kati inaanza kuijibu. Ile ndogo, pamoja na vyuma vinavyogongwa, huipati mpaka uwe karibu na geti. Ni kisa kilekile cha ukuta: sauti ya chini husafiri, ya juu hungoja uifuate.

Siku hizi kuna watoto wa Eastlands wanaofundishwa muziki wakiwa na ala mikononi. Huko Korogocho, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana, karibu na jalala la Dandora, programu ya Ghetto Classics iliyoanza mwaka 2008 chini ya Elizabeth Njoroge imewapa watoto fidla, chelo, klarineti na tarumbeta. Ninapofikiria mtoto wa huko anayeshika fidla kwa mara ya kwanza, namwona mwenye akiba. Kama amewahi kusikia orutu kwenye matanga ya jirani, uzi mmoja ukisuguliwa kwa upinde, basi anaijua tayari ile punje ya kwanza: mkwaruzo mdogo kabla sauti haijakaa sawa. Mwalimu ana kazi ya kumwambia tu jina.

Mjomba sasa amezeeka na sikio lake la kushoto limefifia. Mwezi uliopita tulipanda matatu ya 58 kurudi Buru Buru, Jumapili jioni, na dereva alikuwa akicheza zilizopendwa kwa spika zilizofungwa chini ya viti. “Sina Makosa” ikaanza. Besi ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote ndani ya gari. Ilitikisa vioo, ikapanda kwenye mifupa ya miguu. Ridhimu ilizama kabisa. Nilijaribu kumtafuta Profesa, sikumpata, nikawa kama nimerudi ukutani kwetu, na mtu yuleyule akitembea upande wa pili.

Mjomba alikuwa amefumba macho. Kidole gumba chake kilikuwa kikigusa goti, si pale Malanga alipopiga, bali pale alipoacha, kila mara, bila kukosea. Tulipokaribia stejini makanga alitoa mkono nje ya mlango akagonga bodi mara mbili, na mlio huo ukaangukia ndani ya pengo lilelile, sawasawa, kana kwamba liliachwa kwa ajili yake. Mjomba akafumbua macho, akageuka kumtazama kijana yule.

“Huyu anapiga nini?” akaniuliza.