Pale Nyuma Palikuwa na Nairobi

Kiswahili chetu kina neno linalomponza mpiga picha: kali. Kisu kikali, chai kali, mwalimu mkali, picha kali. Tukisema picha ni kali tunamaanisha imetuteka, na hapo hapo tunamaanisha mistari yake inakata kama wembe. Mambo mawili, neno moja, na siku hizi Nairobi imejaa picha zilizo kali kwa maana ya pili na butu kabisa kwa maana ya kwanza.

Nazungumzia picha za lenzi za mitumba. Hizi ni lenzi za kamera za filamu, nyingine zina umri wa kumzidi mpiga picha mwenyewe, ambazo leo zinafungwa kwenye kamera mpya za kidijitali kwa pete ya chuma iitwayo adapta. Utamaduni huu umekuja na mtindo wake, na mtindo umeshakuwa ugonjwa: uso wa binti au wa mzee, jicho moja limekolea, na nyuma yake ukungu unaozunguka kama maji yanayoingia shimoni. Ukiziona kumi umeziona zote. Lakini kabla ya kulaumu mtindo ni haki tuielewe mashine, maana nusu ya kosa imo humo.

Kamera ya filamu ya aina ya SLR ilikuwa na kioo ndani, kimeinama, kinachorusha taswira hadi kwenye jicho la mpiga picha. Kioo kinataka nafasi ya kupanda na kushuka, kwa hiyo lenzi ilibidi ikae mbali na filamu. Kwa lenzi za skurubu ya M42 umbali huo ni milimita 45.46. Kamera mpya za Sony zimekitoa kioo na umbali umebaki milimita 18 tu. Toa moja kwa nyingine, unabaki na milimita 27.46 za hewa tupu, na hapo ndipo adapta inapokaa. Adapta za kawaida hazina kitu ndani, ni bomba tu. (Lugha inatucheza tena hapa: kwetu kioo ni cha kujitazamia na kioo ni cha dirishani, kwa hiyo ukimwambia mtu kamera yako haina kioo atakuuliza inaonaje.)

Malkia wa biashara hii ni Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 ya Muungano wa Kisovieti, iliyofuata ramani ya Biotar ya Carl Zeiss Jena. Zilitengenezwa nyingi mno, ndiyo maana bado mtu wa kawaida anaweza kuimudu moja. Ukiifunga, kamera haiitambui. Kwake ni kana kwamba hakuna lenzi, na lazima uiambie kwenye menyu ipige hivyo hivyo. Fokasi ni kazi ya mkono wako. Tundu likiwa wazi kabisa, yaani f/2, na mtu akiwa mita moja kutoka kwako, kina cha ukali kwenye kamera ya fremu nzima ni kama sentimita 3.5. Jicho likiingia, sikio limetoka. Akivuta pumzi na kuegemea nyuma, jicho nalo limekwenda.

Ili kukusaidia, kamera inakupakia rangi. Kila inapoona mpaka mkali kati ya cheusi na cheupe inachora mstari mwekundu au wa manjano, nawe unazungusha pete hadi rangi itue unapotaka. Ni msaada mzuri, siukatai. Ila mashine hii haijui jicho wala uso. Inajua tofauti ya mwanga, basi. Itapenda kola nyeupe kabla ya shingo nyeusi, hereni kabla ya shavu, maandishi ya kanga kabla ya aliyeivaa. Mama mboga akikaa ndani ya kibanda chake saa moja jioni, balbu moja imening'inia upande, ngozi yake laini haina mipaka ya kuifurahisha programu. Rangi yote inarukia vifungo vya sweta. Nimeona picha nyingi za namna hii ambamo vifungo vimepewa heshima zote na mwenye sweta amekuwa mgeni kwenye picha yake mwenyewe. Watu chini wanaandika "hisia." Hisia gani jamani? Mashine ilichagua, mpiga picha akaitikia.

Tena rangi ile inachorwa kwa kusoma taswira ndogo ya kwenye skrini, haisomi kila kinachonaswa na kamera, kwa hiyo inadai eneo pana kuliko lililo kali kweli. Wajuzi wanajua dawa: unakuza taswira mara 5 au mara 10, unaziona kope moja moja, unazungusha pete taratibu. Kweli inafanya kazi. Lakini ukishakuza hivyo, skrini yako yote ni jicho. Mabega hayapo, mikono haipo, kibanda hakipo, barabara haipo. Unalenga, unapiga, unaondoka, na katika zile sekunde za mwisho hukutazama hata mara moja kilichokuwa nyuma ya mtu. Halafu tunashangaa kwa nini nyuma hakuna kitu!

Hapo ndipo ugomvi wangu na mtindo huu ulipo. Mwenye Helios anaifungua f/2 kwa sababu alichonunua ni ule ukungu unaozunguka. (Na wengi hata huo hawaupati vizuri: unazunguka zaidi pembeni, na kamera zenye sensa ndogo ya APS-C zinazikata pembe hizo.) Matokeo yake ni jiji lililofutwa. Huyu mzee alikuwa amesimama Gikomba au Karen? Nyuma yake palikuwa na mabunda ya nguo, mkokoteni, matatu inayojaza, au ukuta wenye bango la kampeni? Hatujui. Tumepewa uso na supu ya rangi. Wapiga picha wanaosema wanaipenda Nairobi wanaipenda ikiwa haionekani.

Linganisha na Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Naye aliweka fokasi kwa mkono, tena kwenye kamera kubwa ya bamba. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Angeweza kulifanya liyeyuke, hakulifanya. Maua ya shuka yanagombana na maua ya gauni, gauni linagombana na kilemba, na katikati ya ugomvi huo uso unakaa umetulia, unatawala. Tunaujua ukali wa uso kwa sababu kuna kitu cha kushindana nao. Mteja wa Keïta hakutolewa duniani ili aonekane mzuri.

Kuna hoja dhidi yangu, nayo ni nzito. Mtu wa Nairobi ana sababu za kutotaka kuonekana. Mchuuzi anakimbizana na kanjo, dada aliyepita nyuma hakuombwa ruhusa, na ukungu wa f/2 unawafunika kama leso. Nakubali. Lakini kufunika watu na kufuta mahali si jambo moja. Ifunge Helios kidogo hadi f/4 na kina cha ukali kinakuwa maradufu. Nyuso za mbali bado hazitambuliki, ila kibanda kimerudi kuwa kibanda. Lenzi hii ina pete mbili za tundu kwa kazi hiyo hiyo: moja unaitegea f/4, nyingine unaifungua upate mwanga wa kuwekea fokasi, kisha unaifunga bila hata kuitazama. Waliochora lenzi hii walitarajia ufikirie mara mbili.

Wala sitetei ukali kwa ajili ya ukali. Julia Margaret Cameron, aliyeanza kupiga picha Uingereza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, alichekwa kwa sababu picha zake hazikukolea. Alieleza baadaye kwamba alipokuwa akizungusha lenzi na kufika mahali palipomwonekea pazuri, alisimama hapo hapo, hakuendelea hadi wanapopataka wengine. Mimi naliamini jambo hilo kwa sababu picha zenyewe zinalithibitisha: ulaini wake umetandaa usoni mwa mtu, ameutaka, amewajibika nao. Huwezi kumlinganisha na mtu aliyeachia taa nyekundu za skrini zimwamulie.

Mfano mwingine ni wa sinema. Stanley Kubrick, alipotengeneza Barry Lyndon iliyotoka 1975, alitwaa lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye tundu la f/0.7 zilizoundwa kwa ajili ya NASA, akabadilishiwa kamera ya Mitchell ili zifungike. Adapta ya kitajiri, tuseme. Alitaka kupiga kwa mwanga wa mishumaa, na kina cha ukali kilikuwa chembamba hivi kwamba msaidizi wake wa fokasi, Douglas Milsome, alitazama runinga iliyounganishwa na kamera ya video iliyowekwa ubavuni ili ajue mwigizaji amesogea kiasi gani. Waigizaji nao ilibidi watulie. Utulivu ule ukawa ndio tabia ya filamu: watu waliokamatwa na adabu za tabaka lao, hawawezi kuinua kichwa bila kupotea. Udhaifu wa lenzi uliingia kwenye maana. Picha zetu za mitumba zina udhaifu huo huo, ila hazina sababu nao.

Ningependa kuona watu wa lenzi hizi wakitoka kwenye uso. Lenzi ya zamani ya milimita 35, f/8, pete kwenye mita 3, na kwenye fremu nzima una ukali wa kutosha tangu takriban mita 2 hadi mita 7 hivi. Huhitaji rangi wala kukuza. Unainua macho, unamtazama mtu na kilicho nyuma yake, unabonyeza. Ila usiziamini namba zilizochongwa kwenye pete kabla ya kuzipima, kwa sababu adapta nyingi za bei nafuu hukatwa fupi kidogo makusudi ili lenzi isishindwe kufika upeo wa macho, na hapo mita 3 ya lenzi si mita 3 tena. Chukua utepe wa fundi seremala, upime toka alama ya sensa iliyo juu ya kamera hadi mlangoni, uangalie pete inasema nini, halafu tia alama yako ya rangi ya kucha pale ukweli ulipo.