Malaika Wenye Sigara: Kuisikiliza Albamu Tuliyoihukumu

Siku moja, wakati wa mafundisho ya kipaimara, kijana mmoja alikuja darasani amevaa fulana nyeusi ya mitumba. Kifuani palikuwa na picha ya malaika watatu wenye mabawa meupe. Walikuwa wamekaa wakicheza karata huku wakivuta sigara. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu alisoma jina lililoandikwa pale, akalitafsiri kwa sauti ili wote wasikie: Sabato Nyeusi. Hatukuuliza swali lolote. Tulimwambia kijana arudi nyumbani akabadilishe. Alikwenda, na siku ile hakurudi tena.

Somo letu siku hiyo lilikuwa Amri ya Nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Tulikuwa tumewakaririsha vijana maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo, yanayotutaka tumtetee jirani na kulipokea jambo lake kwa upande ulio mwema. Nasi wenyewe tulikuwa hatujasikia hata noti moja ya muziki tuliokuwa tumeuhukumu. Jambo hilo lilitusumbua mpaka tukaitafuta albamu yenyewe, tukaisikiliza yote, nyimbo nane kwa takriban dakika 40, si mara moja tu. Inaitwa Heaven and Hell, yaani Mbingu na Jehanamu, nayo ilitoka mwaka 1980. Tunaandika haya kwa sababu tuligundua kwamba albamu ina kasoro kweli, ila kasoro hiyo haiko pale tulipoitafuta.

Black Sabbath ilianzishwa mwaka 1968 na vijana wanne wa Aston, eneo la watu wa viwandani katika jiji la Birmingham, Uingereza. Jina walilitoa kwenye filamu ya kutisha. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili akiwa na umri wa miaka 17, siku yake ya mwisho ya kazi kiwandani. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zaidi. Mlio ule mzito ambao watu huuita wa kishetani umetokana kwa sehemu na mkono uliojeruhiwa. Na misalaba waliyoivaa shingoni ilitengenezwa na baba yake mwimbaji, aliyekuwa fundi wa kutengeneza vifaa vya viwandani.

Mwimbaji huyo wa kwanza alikuwa Ozzy Osbourne. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na mara nyingi ilifuata gitaa hatua kwa hatua, kama mtoto anayefuata mgongo wa baba yake gizani. Wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1970, unaanza kwa mvua na kengele ya kanisa. Mtu anaona umbo jeusi limesimama mbele yake, anaogopa, na kabla wimbo haujaisha anamlilia Mungu amsaidie. Shetani yumo, lakini hasifiwi. Anaogopwa, nasi tunaosali kila siku tuokolewe na yule mwovu tunaielewa hofu hiyo. Mwaka uliofuata walitoa wimbo After Forever, ambao unawatetea waziwazi wanaomwamini Mungu. Maneno mengi ya nyimbo za wakati ule yaliandikwa na mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, na malezi hayo yanasikika.

Mwaka 1979 Ozzy aliondolewa. Ulevi na dawa za kulevya vilikuwa vimeivuruga bendi nzima, lakini yeye ndiye aliyeonekana hawezi tena kufanya kazi, na rafiki yake mpiga ngoma, Bill Ward, ndiye aliyempelekea habari hiyo. Mahali pake alichukuliwa Ronnie James Dio, Mmarekani wa ukoo wa Kiitaliano, aliyekuwa amewazidi umri wenzake kwa miaka kama sita na aliyejulikana tayari katika bendi ya Rainbow.

Usharika uliobadilishiwa mchungaji unaijua hali hii. Jumapili ya kwanza watu hukaa mikono wameikunja. Mgeni akimwiga aliyeondoka, wanamdharau. Asipomwiga, wanasema hatuzoei. Wachungaji wengi tumepita hapo, na wengine tumefanya kosa la kuiga. Dio hakuiga. Iommi mwenyewe amewahi kueleza tofauti yake: Ozzy aliimba pamoja na mlio wa gitaa, Dio aliimba juu yake, akilikatiza. Ikabidi gitaa nalo libadilike na kumwachia nafasi. Katika beti za wimbo uliobeba jina la albamu, gitaa linanyamaza karibu kabisa, besi inabaki inatembea peke yake chini ya sauti. Mpiga gitaa ambaye kwa miaka kumi alijaza kila pembe alikubali kukaa kimya ili mwenzake asikike. Tumewahi kuona wazee wa kwaya wakishindwa jambo hilo.

Sauti yenyewe ni kubwa, nasi hatuoni haya kuisifu. Dio alipiga tarumbeta tangu utotoni, na mwenyewe alisema pumzi yake aliijenga huko. Wenye vikundi vya matarumbeta katika sharika zetu wataitambua mara moja: anaishika noti, anaipandisha, haitetemeki, na inapokoma inakoma mahali alipotaka. Children of the Sea, wimbo wa kwanza kuandikwa na Dio pamoja na Iommi, unaanza kwa upole kabisa, kisha gitaa zito linaingia, na katikati zinasikika sauti zisizo na maneno kama za watawa wakiimba kanisani. Ni wimbo wa watu waliopewa dunia nzuri wakaiharibu, na sasa jua lao linazama. Mtu anayeijua Mwanzo sura ya 3 hahitaji kuelezwa. Tungeweza kuufundisha Jumapili ya mazingira bila kubadili kitu.

Lakini kuja kwa mwimbaji huyu kulibadilisha pia mafundisho ya bendi, na hili hatujaona likisemwa vya kutosha. Dio alikuja na maneno yake mwenyewe. Mtu wa zamani katika nyimbo za Black Sabbath alikuwa mwoga aliyepiga magoti. Mtu mpya amesimama wima na kutuelekeza. Ozzy alikuwa akiomba, Dio anahubiri.

Anahubiri nini? Wimbo wenye jina la albamu una urefu wa karibu dakika saba. Unaonya kwamba dunia imejaa watu wenye enzi wanaotupofusha macho na kuupindua ukweli hadi usitambulike, dhambi ambayo nabii Isaya aliikemea katika sura yake ya 5. Unasema wema na ubaya vinaishi pamoja, vimeshikana, wala hakuna aliye upande mmoja tu. Dio alieleza katika mahojiano kwamba kwake mbingu na jehanamu zimo ndani ya mtu, na mtu ndiye anayechagua.

Mlutheri akisikia nusu ya kwanza ya maelezo hayo anatikisa kichwa kwa kukubali. Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi, na mpaka kati ya hayo mawili hauendi kati ya mtu na mtu. Unapita katikati ya moyo wa kila mmoja wetu, akiwemo mchungaji anayemrudisha kijana nyumbani kwa ajili ya fulana. Wahubiri wengi wanaosikika siku hizi kwenye vipaza sauti hawafiki hata hapo. Wanatuambia shetani yuko kwa jirani.

Nusu ya pili ndiyo inayotukwaza. Mwaka 1524 Erasmus aliandika kutetea uhuru wa mtu kuchagua wema, na mwaka 1525 Luther akamjibu kwamba mbele za Mungu utashi wetu umefungwa, na hatuwezi kujifungua. Dio anasimama na Erasmus, tena bila unyenyekevu wa Erasmus, ambaye angalau aliiachia neema nafasi yake. Katika albamu nzima anatuambia tuamke, tupande, tusidanganywe, tuchague vema. Hiyo ni Sheria, na Sheria ni njema. Ila yule aliyekwisha kuchagua vibaya, aliyedanganywa jana na leo ameamka na madeni, ndoa imevunjika, chupa iko chini ya kitanda, haambiwi neno. Wala hatusemi mambo ya kubuni. Bill Ward alirekodi albamu hii akiwa amezama katika ulevi kiasi kwamba baadaye alisema hakumbuki kuirekodi, na mwezi Agosti mwaka huohuo aliondoka katikati ya ziara. Injili ya mtu mwenye nguvu ilikuwa ikipigwa kila usiku, na aliyekuwa akiipigia ngoma alikuwa anaanguka. Hatumlaumu Dio kwa hilo. Tunasema tu kwamba mahubiri ya namna hii hayana la kumwambia mtu wa hali ya Ward, na katika sharika zetu watu wa hali yake si wachache.

Kuna mahali pamoja ambapo muziki unajua zaidi ya mhubiri. Karibu na mwisho wa wimbo huohuo mwendo unageuka kuwa mbio, kila chombo kinakimbia, sauti inapaa, halafu kelele zote zinakoma. Linabaki gitaa tulivu, polepole, bila neno lolote. Tumerudia sehemu hiyo mara nyingi. Baada ya kuamriwa kwa dakika sita, mtu anaachwa apumue.

Nyimbo nyingine zina uzito tofauti. Neon Knights, unaofungua albamu, una kasi na furaha, na hatuna haja ya kuukalia. Walk Away ni wa kawaida. Die Young una gitaa zuri sana, lakini ujumbe wake kwamba leo ndiyo yote tuliyonayo ni uleule Paulo alioukataa katika 1 Wakorintho 15. Mchungaji aliyezika vijana wa bodaboda hawezi kuuimba kwa wepesi. Lady Evil ndio unaotuudhi kweli. Kwa waandishi wake mwanamke mchawi ni hadithi ya kusisimua tu. Sisi tunausikiliza kutoka nchi ambako bibi vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Wimbo haukukusudia hayo, lakini nasi hatuwezi kuyatoa masikioni. Albamu inafungwa na Lonely Is the Word, wimbo wa upweke, wa polepole, ambao mwishoni unaliachia gitaa la Iommi lilie muda mrefu. Mtu aliyehimizwa asimame peke yake amesimama, na kumbe yuko peke yake. Sijui, ndugu msomaji, kama Dio alikusudia kujijibu hivyo. Sisi tunaona amejijibu.

Yapo mambo mawili mengine ambayo wasomaji watatuuliza. La kwanza ni ile ishara ya vidole viwili kama pembe, ambayo Dio aliieneza akiwa na bendi hii, na ambayo imewafanya wengi wetu kukemea. Alisema aliipata kwa bibi yake Mwitaliano, aliyeitumia kuzuia jicho baya. Ni jambo la kina bibi wanaoogopa kijicho, na wa namna hiyo tunao tele. Kiimani hatuwezi kulibariki, kwani Mkristo halindwi na vidole. Lakini kumwita bibi anayemlinda mjukuu wake kuwa mwabudu shetani ni kuvunja ile Amri ya Nane kwa mara nyingine.

La pili ni msiba wake. Dio alifariki tarehe 16 Mei 2010 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 67. Watu wa Westboro Baptist Church, kikundi cha huko Kansas kinachojulikana kwa kuvamia misiba na mabango ya chuki, walitangaza kwamba watakwenda kwenye ibada ya kumbukumbu yake Los Angeles, na walikwenda. Mjane wake, Wendy, aliwaomba wapenzi wa muziki wa mumewe wasijibu kwa chuki, wageuze shavu la pili. Waliobeba jina la kanisa walisimama na mabango, na maneno ya Mlimani yakatoka kwa familia ya mwimbaji wa Sabato Nyeusi. Tulipoisoma habari hiyo tuliifunga kompyuta, tukakaa.

Kijana wetu alibarikiwa kipaimara mwaka uleule, akiwa na shati jeupe. Ilituchukua muda mrefu kuliko ilivyopasa kumwita na kumwomba radhi. Alicheka. Alisema hakuwahi kuusikia muziki wenyewe, fulana aliipenda kwa sababu ya mabawa, na mama yake alikuwa ameshaifanya dekio. Kisha akauliza jambo ambalo, alisema, alikuwa amelibeba tangu siku ile: kama wale malaika walikuwa wakicheza karata kwa pesa au bure.