Mita 30 za Mkuza na Nyumba Zinazokuja

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linakatiza Mkoa wa Singida katika wilaya za Iramba, Mkalama na Singida Vijijini. Ili bomba lipite, ardhi ya mkuza wenye upana wa mita 30 ilitwaliwa. Wathamini walipita, wenye mali wakafidiwa, na baadhi yao wakajengewa nyumba nyingine nje ya mkuza. Wengi wanaona suala la usalama limeishia hapo. Kihandisi, bado.

Tuanze na marufuku yenyewe ya kujenga ndani ya mkuza. Mafuta ya bomba hili, kutoka Ziwa Albert, yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo chuma cha bomba kimevikwa tabaka la kutunza joto, na mfumo wa umeme wa kuyapasha moto unaambatana nalo. Msingi wa nyumba, shimo la choo, kisima au mizizi ya mwembe vinaweza kuchubua vazi hilo. Mchubuko mmoja usioonekana ndio mlango wa kutu. Tena, fundi akihitaji kufukua bomba kwa dharura, katapila haliwezi kusubiri mtu ahamishe vyombo.

Singida haina bomba la gesi asilia, lakini kanuni ya kutojenga juu ya bomba ni ileile inayohusu bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015. Kinachotofautiana ni mwenendo wa kinachovuja. Metani ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja porini, hupaa na kutawanyika. Ikivuja chini ya sakafu ya saruji, hupenya kwenye nyufa na kujikusanya chumbani. Ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Kwa asili haina harufu, hivyo pua haitamwonya mtu isipokuwa imetiwa kemikali ya harufu.

Mafuta nayo hufuata mteremko. Mtaa wa Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kwenye bomba iliingia kwenye mtaro, ikafika penye makazi na kuwaka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mtaro haukujua mpaka wa mkuza.

Kwa hiyo wanaojenga pembeni nao wamo kwenye hesabu. Viwango vya Marekani vinavyotumika sana katika mabomba ya gesi huhesabu majengo kwenye ukanda wa mita 400 kwa upana na kilomita 1.6 kwa urefu. Yakiwa 10 au pungufu, kwa kawaida chuma huruhusiwa kubeba mkazo hadi asilimia 72 ya uwezo wake. Yakifika 46, kikomo hushuka hadi asilimia 50. Penye maghorofa mengi, asilimia 40. Maana yake, unene wa chuma na presha vilipangwa kwa kuangalia watu waliokuwapo wakati wa usanifu na makadirio ya watakaokuja. Kijiji kikikua kupita makadirio hayo bila mtu kuyasahihisha, mwenye bomba huenda akalazimika kupunguza presha au kubadilisha kipande cha bomba, na gharama zote mbili ni kubwa.

Bomba la mafuta ghafi halifuati hesabu hiyo, ila funzo lake linaifaa Singida. Mwenye bomba hulinda mita 30 zake. Ardhi iliyo nje ya hapo iko mikononi mwa halmashauri za vijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kila kijiji kilichopitiwa na bomba unapaswa kuonyesha mkuza huo, kisha uelekeze shule, zahanati na masoko mapya mbali nao na mbali na mabonde yanayoteremka kutoka huko. Pembeni kabisa ya mkuza pabaki mashamba ya alizeti na malisho. Uamuzi huo ni rahisi leo, viwanja vikiwa bado havijagawiwa. Ukisubiri nyumba zijengwe, utahitaji wathamini na fidia upya.