Lori la Mkebe wa Kimbo

Mafuta ya kupikia ya Kimbo yalipohama kutoka mikebe ya bati na kuingia mikebe ya plastiki, hakuna aliyelalamika. Akina mama wa Kisii na Nyamira hata walifurahi: mkebe wa plastiki haushiki kutu, kifuniko chake kinabana vizuri, na mafuta yakiisha unatiwa chumvi, sukari au mbegu za kupanda msimu ujao. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kiwanda kizima kilikuwa kimefungwa. Bati la Kimbo ndilo lililokuwa bodi ya lori, bodi ya matatu na bodi ya basi la kwenda Nairobi. Plastiki haikunjwi ikakubali. Ukiipiga nyundo inapasuka, ukiitoboa kwa msumari wa moto inajikunyata na kunuka.

Waliokulia Keroka, Kebirigo, Nyamache au Ogembo hawahitaji kuelezwa magari hayo yalivyokuwa. Yalikuwa ya waya, ya bati, ya mbao za masanduku, hata ya udongo wa bondeni, na kila moja lilikuwa na mwenyewe, jina lake na tabia zake. Mtoto alianza na gurudumu moja la kusukuma kwa kijiti, akaishia na lori la ekseli tatu lenye trela. Uingereza nako wana hadithi yao. Jack Odell wa kampuni ya Lesney alimtengenezea binti yake gari dogo la kushindilia barabara, lenye kuenea ndani ya kibiriti, kwa kuwa shuleni kwake hawakuruhusu kitu cha kuchezea kikubwa kuliko hapo. Mwaka 1953 ikazaliwa biashara ya Matchbox, na vigari vyake vikauzwa dunia nzima. Hadithi nzuri. Ila binti hakulitengeneza yeye.

Kazi ilianza na magurudumu, na hapo ndipo fundi alipojulikana. Makopo ya rangi ya viatu ya Kiwi yalitoa magurudumu ya chuma, yenye kelele tamu kwenye murram. Ndara iliyokatika ukanda ilitoa ya mpira. Kifuniko cha chupa ya soda kiliwekwa juu ya soli, kikachorwa kwa ncha ya msumari, duara likakatwa kwa wembe, kisha ukingo ukasuguliwa juu ya jiwe mpaka ukaviringa. Tabu ilikuwa tundu la katikati. Likienda pembeni hata kwa upana wa punje ya wimbi, gari litachechemea maisha yake yote. Mwenye haraka alitoboa kwa kukisia. Mjuzi alikata karatasi ya daftari kwa kipimo cha gurudumu, akaikunja nusu, akaikunja tena, akaifunua. Mikunjo ilipokutana ndipo msumari ulipopita. Mwalimu wa hisabati angemfikia kwenye somo hilo miaka kadhaa baadaye, kwa chaki na bikari ya mbao, na pengine angemchapa kwa kutolielewa.

Spoki ya baiskeli ilikuwa ekseli. Waya wa fremu ulitoka kwenye ua wa seng'enge, kwenye mjengo wa jirani, au kwenye tairi kuukuu lililochomwa moto hadi likabaki nyuzi za chuma. Asili ya waya haikuulizwa sana. Ua wa kanisa ukionekana umelegea, kila mtu alijua ni msimu gani.

Fahari ya gari ilikuwa usukani. Waya mrefu, au ufito, ulitoka kwenye ekseli ya mbele, ukapenya paani, ukapanda kwa mshazari mpaka kifuani mwa dereva, na huko juu ukafungwa duara la kushika. Ukizungusha kulia, magurudumu yanaelekea kulia. Si jambo dogo hilo. Ekseli ilibidi ilegee kiasi cha kugeuka na ikaze kiasi cha kutochomoka, na siri yote ilikuwa kwenye ukanda mwembamba wa tyubu uliozungushwa pale nyaya mbili zilipopishana. Ukanda ukizidi mzunguko mmoja, usukani unakuwa mgumu. Ukipungua mmoja, gari linaingia mtaroni kwenye kona ya kwanza. Dereva alikimbia nyuma ya gari lake akiwa injini, breki, honi na makanga kwa pamoja. Mlima ulipandwa kwa gia ya kwanza, midomo ikitetema, mate yakiruka. Kwenye mteremko aliunguruma kwa gia nzito, mdogo mdogo, kwa sababu hata madereva wa malori ya kweli hawashuki milima ya Gusii kwa gia huru wakafika.

Huo ndio uzuri wenyewe: gari lilitengenezwa na mtu aliyekuwa ametazama. Lori la mtoto wa Nyansiongo halikufanana na la mtoto wa Suneka. Nyamira ni nchi ya chai, na watoto wake walikua wakiyaona malori yanayokusanya majani mabichi vituoni na kuyapeleka Sanganyi, Gianchore, Tombe au Kebirigo, viwanda vya wakulima wadogo chini ya shirika la chai la KTDA, iliyoanza kazi mwaka 1964. Lori la chai lina umbo lake. Bodi yake ni ya fito za chuma, imeachwa wazi, na ndani mna kulabu za kutundikia magunia ili majani yapate hewa, yasipate joto yakaharibika kabla ya kufika kiwandani. Waya ndio uliolifaa lori hilo, bati lingelipotosha. Mtengenezaji makini alitundika humo vijigunia vya kitambaa vyenye majani ya kweli, yale mawili na chipukizi, aliyoyachuma shambani kwa mama bila ruhusa.

Upande wa barabara kuu ya Kisii walitazama Peugeot zilizobeba abiria mpaka kwenye keria, na mabasi ya usiku ya kwenda Nairobi na Mombasa. Baadaye ikaja Probox, ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za ofisi na mizigo midogo, na ambayo Kisii iliifanya matatu, ambulensi, gari la harusi na gari la kupeleka ndizi sokoni. Aliyetengeneza Probox ya boksi bila kuacha nafasi ya abiria wa buti, hakuwa ameitazama Probox.

Treni haikutengenezwa sana, na sababu iko wazi. Reli ya Uganda ilifika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901, ikaishia hapo ziwani, zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Kisii. Mwaka huohuo Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza ya vipande vyake vya chuma vya kuunganisha, vilivyokuja kuitwa Meccano, na mwaka 1920 akaanza kuuza treni za kuchezea. Leo wazungu wazima hujaza vyumba vyao kwa vituo, madaraja na injini zilizopunguzwa takriban mara 87, wakigombana juu ya rangi ya behewa la mwaka fulani. Gusii kipimo kilikuwa kiganja. Treni watoto waliijua kwa picha za vitabuni na kwa masimulizi ya baba na wajomba waliofanya kazi Nairobi na Mombasa. Aliyeitaka aliunga mikebe ya samaki kwa kamba, akaiburuta. Lakini hapakuwa na wa kumwambia kwamba magurudumu yake yamekaa siko, na bila ubishi raha ilipungua. Mpango wa reli mpya kutoka Naivasha kwenda Kisumu unaitaja Nyamira miongoni mwa kaunti itakazopita. Ikifika, wabishi watapata kazi.

Ubishi ulikuwa na siku yake. Gusii ina Wasabato wengi, na kwa hao Jumamosi nyundo haikuguswa. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya magari. Yalipangwa kando ya barabara, nayo yakakaguliwa. Nani amebuni mlango unaofunguka? Nani ameweka springi za kweli, kwa vipande vya utepe wa chuma uliofungia marobota ya mitumba? Mwenye wazo jipya hakulificha, na hata angetaka asingeweza, maana gari la waya lina kila kitu nje. Unaliinamia, unalitazama chini, unakwenda nyumbani kujaribu. Koleo zilikuwa adimu, na mwenye koleo ya baba yake alilipwa kwa magurudumu. Kaka akienda bweni kidato cha kwanza, gari lake lilimwangukia mdogo wake, ambaye alilivua bodi siku hiyohiyo na kulivisha nyingine. Chesisi moja ingeweza kuwa basi, kisha lori, kisha pikapu, mikononi mwa watoto watatu wa mama mmoja.

Barabara yenyewe ilikuwa nusu ya mchezo, nayo imechukuliwa. Mwaka 2008 Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, boda boda ziliingia vijijini kwa wingi, zikawalisha vijana wengi, hilo lisikanushwe. Lakini ukingo wa barabara, pale palipokuwa njia ya malori ya bati, sasa ni njia ya pikipiki yenye abiria watatu na gunia la kabichi. Mzazi mwenye akili hamruhusu mtoto kukimbia hapo huku macho yake yako kwenye gari la waya.

Shule nayo ina lake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta sanaa na kazi za mikono darasani, kisha ukazibana kidogo kidogo mpaka zikabaki jina kwenye ratiba. Mtaala mpya ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019 umezirudisha kwa kishindo: mtoto atengeneze hiki, alete kile. Jambo jema kabisa, kwenye karatasi. Nyumbani mambo ni mengine. Saa tatu usiku mama anatafuta boksi na gundi, baba anakata magurudumu kwa mkasi, mtoto amelala. Asubuhi gari linapelekwa shule likiwa limebebwa kwa mikono miwili lisibomoke, linapewa alama, linarudi, linatupwa. Halikupita barabarani hata siku moja. Aliyelitengeneza hakucheza nalo, na aliyepaswa kucheza hakulitengeneza.

Lililo chungu zaidi ni kwamba Gusii si mahali pasipojua kuheshimu mikono. Mawe ya Tabaka yamefika mbali. Ndege wa Amani wa Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko Tabaka, yuko makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na seti za sataranji, viboko na tembo wa jiwe la Kisii wanauzwa popote watalii wanapopita. Jiwe lilipata soko, na soko likaleta jina. Lori la bati halikupata mnunuzi kwa sababu halikuwa la kuuzwa, na kisichouzwa hapa kwetu ni mchezo wa watoto tu. Kwingine wameona vingine. Magari ya waya ya Malawi yaliingia kwenye kitabu cha watoto cha Karen Lynn Williams, *Galimoto*, mwaka 1990. Goma, nchini Kongo, wameisimamishia chukudu, ile baiskeli yao ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu katikati ya mji. Tabaka yenye mawe na mafundi ingeweza kulichonga lori la Kimbo wiki ijayo, ikitaka.

Vijana wa mijini hawajaacha kabisa. Nairobi wapo wanaounda matatu ndogo kwa kadibodi na vipande vya plastiki, zenye taa zinazowaka, viti vilivyoshonwa na majina ya sacco za kweli ubavuni, na picha zake husambaa kwenye simu kwa kasi. Msanii Dennis Muraguri ameipa matatu heshima ya ukutani kwa michoro yake ya chapa za mbao. Kazi hizo zinastahili sifa, na umakini wake ungewapa haya wengi wa mafundi wa zamani wa Keroka. Ila matatu hizo hukaa kabatini. Hazipandi mlima, haziingii mtaroni, wala hakuna mdogo wa mtu atakayezivua bodi.

Kisii kwenyewe bati bado linakunjwa. Mafundi wa jua kali wanatengeneza masanduku ya shule, majiko na mabomba ya maji ya mvua, na chini ya meza zao kunabaki vipande vya upana wa kiganja, vinavyotosha kabisa mlango wa lori. Zamani visingelala. Siku hizi vinafagiwa na kutiwa guniani, pamoja na waya, spoki na makopo, kwa kuwa kila chuma kina bei kwa kilo. Watoto wanaijua bei hiyo kuliko mtu yeyote, nao ndio wanaoviokota na kuvipeleka kwa mwenye mizani. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini. Kwa miezi kadhaa waya haukuwa na mnunuzi, na katika miaka mingine hiyo ingekuwa sikukuu ya mafundi wadogo. Waya ulirundikwa uani ukisubiri mizani ifunguliwe, na Mei ikafunguliwa.