Tunamcheka Nani? Uhakiki wa Vichekesho vya Miadi ya Kwanza

Miongoni mwa filamu fupi za vichekesho ambazo vijana wa sharika zetu hutazama katika simu zao, kipo kisa kirudiwacho mara nyingi. Mvulana amemwalika msichana hotelini kwa mara ya kwanza. Amevaa koti la kuazima, na mfukoni ana fedha ya soda mbili. Msichana anafika na rafiki zake wawili, anaagiza kuku. Mvulana anapiga hesabu kwa vidole chini ya meza, anadai kwamba hana njaa, kisha anaaga kwenda msalani asirudi tena. Hapo filamu imekwisha. Yafaa tujiulize: tunapocheka, tunamcheka nani?

Kicheko cha namna hii si kigeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam bila kuujua mji. Baadaye Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, aliwachekesha Watanzania kwa miaka mingi kama mzee mwenye tamaa na majivuno. Kwa Majuto tulicheka majivuno yakianguka, na kicheko hicho ni cha haki.

Hapana budi kukiri kwamba filamu hizi zina ufundi. Vidole vile chini ya meza vinaeleza kuliko maneno mengi. Kasoro iko katika mwisho. Koti la kuazima ni uongo, nao wastahili kuchekwa. Lakini mfuko mtupu si kosa. Mvulana anapokimbia, filamu haitofautishi mambo hayo mawili. Aidha, msichana hapewa nafsi, ila tumbo tu. Katika michezo mifupi ya Anne Kansiime wa Uganda, mwanamke husema waziwazi lile ambalo wengine wanalificha, na kicheko huzaliwa na ukweli wake.

Jambo hili latugusa sisi tulio katika Mkoa wa Songwe. Kijana atokaye katika vijiji vya kahawa vya Mbozi au milima ya Ileje anafika Tunduma, mpakani mwa Zambia, ambako shilingi hubadilishwa kwa kwacha na watu hupita bila kujuana. Huko nyumbani mshenga alitangulia. Hali ya kila upande ilijulikana mapema, na aibu ya kukataliwa ilichukuliwa na mtu mzima. Mjini kijana hana mshenga. Anaketi mezani peke yake, na filamu imemfundisha kwamba afadhali kukopa, au kukimbia, kuliko kusema, "Ninacho hiki tu." Uchumba ulioanza kwa koti la kuazima hutuletea baadaye ndoa yenye madeni ambayo mke hakuambiwa.

Maandiko yanazijua njia zote mbili. Katika Mwanzo 24 mshenga anafika kisimani na ngamia kumi na vito vya dhahabu. Katika Mwanzo 29 Yakobo anafika mikono mitupu, anavingirisha jiwe, ananywesha kondoo wa Raheli, analia mbele yake. Hapo pana kichekesho, lakini umaskini wake haufichwi: hana mahari, basi anatoa miaka saba ya kazi.

Hatushauri filamu hizi zipigwe marufuku. Mchungaji na azitazame pamoja na vijana wake, acheke nao, kisha aisimamishe picha pale mvulana anapoinuka kwenda msalani, awaulize: akibaki, atasema nini? Na msichana atamjibu nini? Mazungumzo hayo yatamfaa kijana kuliko onyo, kwa maana siku moja ataketi katika kiti kile mwenyewe.