Zanzibar na Watoto: Fuata Mwezi, Usifuate Hoteli!

Wazazi wa Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Maua, nisikilizeni! Acheni kuhesabu mabwawa ya kuogelea kwenye picha za hoteli. Acheni kuuliza kama kuna bembea, kama kuna chumba cha katuni, kama intaneti inafika ufukweni. Tumetoka Zanzibar na watoto, mara yetu ya kwanza kuvuka mpaka kwa ajili ya kuoga bahari tu, na habari ninayowaletea ni hii: mchezo bora kuliko yote kule ni wa bure, hufunguliwa na mwezi, na ratiba yake inajulikana kabla hujakata tiketi. Ni maji kupwa! Maji kupwa ya pwani ya mashariki ya Unguja, pale Paje, Bwejuu na Jambiani. Jamani, nilikuwa wapi miaka yote hii?

Safari nitaipitia mbiombio. Matatu hadi Nairobi, kisha ndege kutoka Jomo Kenyatta hadi Abeid Amani Karume, saa moja na dakika zake hivi. Mkenya haombi viza ya Tanzania, lakini kila mtoto, hata wa kubebwa, awe na pasipoti yake, na kadi za chanjo ya homa ya manjano zikae mahali pa kufikika. Mkipata viti vya upande wa kulia, msiviachie! Mawingu yakikubali, Kilimanjaro inapita dirishani, na burudani inaanza hapo hapo. Watoto waliokulia chini ya Kirinyaga, mlima wa mita 5,199, hawakubali hivi hivi kwamba kuna mwingine wa mita 5,895. Wetu walibishana mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Sasa njooni ufukweni. Tulifika Paje jioni, bahari imejaa, maji yanakaribia mashina ya minazi. Asubuhi, baada ya chai na maandazi, tukatoka na ndoo zetu. Bahari haipo! Mchanga mweupe umetanda hadi kule mbali kwenye mwamba ambako mawimbi yanaonekana kama uzi. "Mama, nani amefungua maji?" akauliza mdogo wetu. Mtoto wa Embu hana kosa. Yeye anajua maji ya Tana, yanayozuiwa Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yanayofunguliwa na mtu mwenye ufunguo. Maji yanayoondoka yenyewe na kurudi yenyewe, mara mbili kwa siku, hajawahi kuyaona.

Na hapo ndipo raha ilipoanza. Mchanga ni mgumu, unakimbilika, unachezeka kandanda, na watoto wa kijiji walikuwa wameshaweka magoli ya ndara. Kati ya mchanga kuna vidimbwi vya maji ya vuguvugu, na kila kidimbwi kina wakazi wake: kaa wadogo wanaotembea na nyumba ya konokono mgongoni, viti vya pweza vyekundu, majongoo bahari waliolala bila haraka yoyote, na visamaki vilivyonaswa vikingoja bahari ivirudie. Wetu walijenga bwawa la mchanga, wakaliita Kiambere. Bahari ikarudi, ikalibomoa. Kesho yake wakajenga Masinga, kubwa zaidi, lenye mlango wa mkondo. Hakuna aliyeuliza simu iko wapi. Bwawa la hoteli lilikaa pale, la bluu, limetulia, na nadhani waliliingia mara mbili tu, kuosha mchanga!

Kisha akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara kwenye pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji yakikupwa wanaingia shambani: vijiti vimesimamishwa mchangani, kamba zimefungwa kati yake, na mwani umefungwa kwenye kamba kidogo kidogo. Unavunwa, unaanikwa, unatiwa magunia, unasubiri mnunuzi na bei yake. Mtoto aliyekulia kwenye kahawa au majani chai hahitaji kufafanuliwa sehemu hiyo ya mwisho. Binti yetu mkubwa alimsikiliza mama mmoja kwa makini ambayo mwalimu wake wa sayansi angeyalipia. Ila msivamie shamba la mtu. Simameni pembeni, watoto watoe shikamoo, mngoje mwitwe. Shikamoo kule ina nguvu: mtoto anayeitoa bila kusukumwa hufunguliwa kila mlango.

Sasa siri yenyewe, shikeni kalamu. Maji hayapwi sawasawa kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo kuna bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, tofauti ikifika karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari inasogea kidogo, na uwanja wa kuchezea unabaki mdogo. Na tamu kuliko zote ni hii: Zanzibar, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Saa nne asubuhi! Watoto wamekula, jua bado halijawa kali sana, na uwanja umefunguliwa. Jioni bahari inarudi mpaka mlangoni, wanaoga kisha wanalala. Kila siku ratiba inasogea mbele kwa karibu dakika hamsini, kwa hivyo ukifika siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu, unapata asubuhi nzuri mfululizo. Watu hutafuta wiki yenye hoteli ya bei nafuu. Tafuteni wiki yenye mwezi!

Kuna sheria, na sikuzilegeza. Viatu vya raba kwa kila mguu, kwa sababu penye mawe kuna wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukivunjikia ndani siku imeharibika. Maji yanapojaa hayaji kutoka mbele peke yake. Yanapita kwenye mikondo na kuzunguka nyuma yako ukiwa umesimama kwenye tuta la mchanga, na watoto wetu wa mlimani wengi hawajui kuogelea. Vidimbwi vikianza kutiririka, ni kurudi, wote, bila mjadala. Kiti cha pweza hakitolewi majini kwa ajili ya picha, na kombe lenye mwenyewe ndani halibebwi kwenda Embu. Mchanga wa chini una mikunjo kama paa la mabati, nao unaumiza nyayo za mtoto asiyezoea. Siku ya pili amesahau.

Mkishashiba Paje, fuateni maji hadi Michamvi Pingwe. Pale kuna mgahawa uliojengwa juu ya jiwe ndani ya bahari, The Rock. Maji yakikupwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unafikishwa kwa mashua. Bei zake si za familia yenye watoto wanaokula nusu sahani, lakini kuutazama hakulipiwi, na mtoto aliyefika pale kwa miguu asubuhi akarudi jioni akakuta mashua zinapita pale alipotembea, huyo ameelewa somo la mwezi maisha yake yote.

Njiani kati ya mji na Paje mnapita Jozani. Shukeni! Kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani, hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Watoto wanaowajua mbega weusi kwa weupe wa msitu wa Kirinyaga wataanza kulinganisha mkia na mkia kabla mwongozaji hajamaliza sentensi. Njia ya mbao ndani ya mikoko ni fupi, inafaa hata miguu midogo.

Nungwi, kaskazini kabisa, kuna bwawa la asili la Mnarani ambako kasa wanatunzwa. Mradi huo wa wanakijiji ulianza 1993. Watoto wanawalisha mwani, kama ule waliouona shambani Paje, na hapo vipande viwili vya safari vinaungana vichwani mwao. Nilifurahi kupita kiasi! Nungwi na jirani yake Kendwa bahari haikimbii mbali, kwa hivyo anayetaka kuogelea mchana kutwa aende huko. Anayetaka watoto wachoke kwa raha akae mashariki.

Mji Mkongwe upeni siku moja. Asubuhi pandeni mashua hadi kisiwa cha Changuu, karibu nusu saa. Kuna jela iliyojengwa katika miaka ya 1890 ambayo haikuwahi kuwa jela, ikageuzwa karantini. Lakini watoto hawataki jela, wanataka kobe! Wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na miaka yao imeandikwa kwa rangi kwenye magamba, wengine wamepita mia moja. "Huyu ni mkubwa kuliko cucu!" Hesabu za kutoa zilifanywa pale kwa hiari, ajabu ambayo sijaiona nyumbani.

Jioni ni Forodhani. Vijana wanaruka makachu kutoka ukutani hadi baharini, mmoja kichwa chini, mwingine anajipindua hewani, na watoto wako watataka kujaribu, washikeni mikono. Kuna mishkaki, juisi ya muwa yenye ndimu na tangawizi, urojo kwa wazazi, na ile pizza ya Zanzibar inayokunjwa na kukaangwa juu ya bamba, ya nyama kwa mnaopenda nyama, ya ndizi na chokoleti kwa wasiojua kunyamaza. Ulizeni bei kabla ya kunyoosha kidole. Tulipokwenda, shilingi yetu moja ilikaribia 20 za Tanzania, na mtoto aliyepewa noti ya elfu kumi anajiona tajiri mpaka aagize.

Kasoro? Zipo. Jua la saa sita halina huruma kwa ngozi iliyozoea ukungu wa Chogoria. Mafuta ya jua, fulana za mikono mirefu, na kupumzika ndani hadi saa tisa. Aprili, watoto wakiwa wamefunga shule, ndiyo masika yenyewe, mvua ya kutwa, iacheni. Agosti kuna upepo wa kusi, hewa ni nzuri, na Paje inajaa watu wanaovutwa na tiara juu ya maji, tamasha tosha kwa kijana wa miaka kumi na mitatu anayejifanya hapendezwi na lolote. Desemba ni kaskazi, joto kali na watalii wengi. Vijijini na mjini funikeni mabega na magoti. Hicho ni kisiwa cha watu wenye dini yao, na heshima hailipiwi.

Kama mfuko hauruhusu kuvuka mpaka, mwezi ule ule unavuta maji ya Diani, na treni inawafikisha Mombasa. Lakini kama mnaweza, nendeni Unguja. Mtoto wa miaka mitatu atapata kidimbwi chake, wa minane atapata bwawa la kujenga na kubomolewa, na aliyebalehe atapata tiara za kutazama kwa siri. Alama zangu ni tisa kati ya kumi, moja nimeikata kwa ajili ya jua. Chama chetu cha akina mama kimeshafungua mfuko wa safari ya Agosti, na kabla ya kujadili hoteli yoyote tulifungua kalenda, tukatia duara kwenye mwezi mpevu, tukaanza kuchanga!