Nani Aingie Nyumbani? Uhakiki wa Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kongo

Kifungu cha 29 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, kina sentensi mbili tu. Ya kwanza inatamka kwamba makao ya mtu hayakiukwi. Ya pili inaruhusu upekuzi iwapo tu utafuata namna na masharti ya sheria. Ubora wake umo katika upana: hakisemi "makao ya raia". Hifadhi imefungamanishwa na nyumba, si na uraia wa aliyemo.

Upana huo si pambo la lugha. Tarehe 14 Mei 2002, askari walioasi dhidi ya RCD-Goma waliteka redio ya Kisangani, wakawahimiza wananchi wawafukuze "Wanyarwanda". Watu kadhaa waliodhaniwa kuwa ndio waliuawa. Baada ya redio kukombolewa, askari wa RCD-Goma waliingia katika komuni ya Mangobo, wakaua, wakabaka na kupora. Asubuhi aliyesakwa alikuwa "mgeni". Kabla ya siku kwisha, milango iliyovunjwa ilikuwa ya wenyeji. Mwenye silaha akishajipa mamlaka ya kuamua nani ni mgeni, uraia haumkingi mtu yeyote.

Hata hivyo, sentensi ya pili ina kasoro. Kwa Kifaransa imeundwa katika kauli ya kutendwa, bila kumtaja mtenda. Je, anayeruhusiwa kupekua ni polisi, mwanajeshi, au ofisa wa Idara Kuu ya Uhamiaji? Msomaji anaelekezwa kwenye sheria nyingine, zikiwemo kanuni za mwenendo wa jinai za tarehe 6 Agosti 1959, zilizotungwa zama za ukoloni, nazo pia kwa Kifaransa. Kifungu cha 18 kinadai mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoifahamu. Kifungu cha 29 hakimdai hivyo mpekuzi, ingawa mara nyingi upekuzi hutangulia ukamataji.

Kifungu cha 142 kinaitaka serikali ieneze sheria katika lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Hapo ndipo wajibu wa wataalamu wa lugha unapoanza. Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza sheria. Lakini maelezo yanayoandamana na tafsiri sharti yamtaje mtenda waziwazi: nani aingie, kwa idhini ya nani. Mkazi wa Mangobo asiyejua jibu hilo hana hoja ya kumsimamisha mtu mlangoni.